Excel Inajifunga Siku ya Kulipa Wachumaji? Fuata Hatua Hizi Kabla ya Kutuma Pesa Tena

Ni mwisho wa mwezi. Kilo zimejumlishwa, pesa iko kwenye simu, na wachumaji wanasubiri ujumbe uingie. Umefika katikati ya orodha, unatuma mmoja mmoja huku ukiandika "amelipwa" kando ya kila jina. Ghafla Excel inaganda. Skrini inakuwa nyeupe, juu inaandika Not Responding, halafu programu yote inajifunga. Ukiifungua tena, alama za dakika kumi zilizopita hazipo. Sasa nani amepata na nani hajapata?

Ukiwa na shamba la chai Kericho au Bomet, unajua kwamba hesabu huwa mbili. Kuna kilo ulizopeleka kwenye kituo cha kununua chai, ambazo kiwanda kinakulipa. Halafu kuna kilo ambazo kila mchumaji amechuma, na hizo unalipa wewe mwenyewe. Hesabu ya kwanza ina karatasi ya kiwanda. Hii ya pili mara nyingi iko kwa daftari lako, au kwa faili moja la Excel ndani ya laptopu. Faili hilo likikwama, hatari yake ni kulipa mtu mara mbili na kumruka mwingine aliyeamka alfajiri kukuchumia.

Katika somo hili utajifunza:

- Kuokoa kazi yako Excel inapojifunga
- Kujua kama shida ni faili au ni kompyuta
- Kurekebisha sababu za kawaida, moja baada ya nyingine
- Kuhakikisha nambari za simu hazijaharibika
- Kujua nani amelipwa kabla hujatuma shilingi nyingine

1. Anza hapa: pesa haiko ndani ya Excel

Excel ni daftari tu. Ikijifunga, hakuna pesa iliyopotea na hakuna muamala uliofutika. Kila ulichotuma kimeandikwa kwenye taarifa ya miamala ya akaunti yako, pamoja na saa, kiasi, na nambari ya muamala. Hata ujumbe wa simu ukiufuta, taarifa hiyo inabaki.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni rahisi: faili likijifunga katikati ya malipo, acha kulipa. Usiendelee kwa kukumbuka. Usiseme "nafikiri nilikuwa nimefika kwa Chebet". Weka simu kando, rekebisha faili, kisha linganisha na taarifa. Mchumaji akipiga simu kuuliza, mwambie ukweli: unathibitisha orodha, atapata leo. Kusubiri saa moja ni afadhali kuliko kumfuata mtu arudishe pesa ambayo tayari amenunua unga nayo.

2. Dakika tano za kwanza

*Subiri kidogo.* Not Responding haimaanishi kwamba Excel imekufa. Wakati mwingine bado inapiga hesabu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja ili ufungue Task Manager. Ukiona Excel bado inatumia CPU, ipe dakika tatu au nne. Usibonyeze bonyeze kila mahali, unaiongezea kazi.

*Ikijifunga, fungua Excel yenyewe kwanza, si faili.* Upande wa kushoto unaweza kuona kisanduku kinachoitwa Document Recovery, chenye matoleo ya faili lako na saa ya kila moja. Fungua kila toleo na ulihifadhi kwa jina jipya, mfano "Wachumaji Julai A" na "Wachumaji Julai B". Usihifadhi juu ya faili la zamani mpaka ujue lipi lina kazi nyingi zaidi.

*Kama kisanduku hakikutokea*, nenda File, Info, Manage Workbook, kisha Recover Unsaved Workbooks. Hapo Excel huweka mafaili yaliyofungwa bila kuhifadhiwa.

*Kama faili linakataa kabisa kufunguka*, nenda File, Open, Browse, lichague faili mara moja tu bila kulifungua, kisha ubonyeze mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha Open. Chagua Open and Repair. Excel itajaribu kulirekebisha. Ikishindwa, rudia hatua hizo lakini chagua kutoa data peke yake. Unaweza kupoteza rangi na fomula, lakini majina na kilo huenda vikaokolewa.

Kabla ya kuendelea na majaribio yoyote, tengeneza nakala ya faili. Majaribio yote yafanyie kwa nakala.

3. Je, ni faili au ni kompyuta?

Watu wengi hukimbia kwa fundi kabla ya kujiuliza swali hili. Majaribio matatu yatakupa jibu:

1. Fungua faili lingine la Excel. Likifanya kazi vizuri, shida iko kwa lile faili la kwanza.
2. Fungua faili lako kwa kompyuta nyingine unayoiamini. Likijifunga huko pia, shida ni faili.
3. Funga Excel, kisha shikilia kitufe cha Ctrl unapobonyeza alama yake. Itakuuliza kama unataka kuanza kwa Safe Mode. Kubali. Hapa Excel hufunguka bila vitu vya ziada. Faili likitulia ndani ya Safe Mode, shida ni kitu kilichoongezwa kwenye Excel, si data yako.

4. Kama shida ni faili

*Faili limenenepa bila sababu.* Bonyeza Ctrl na End pamoja. Excel itakupeleka kwenye seli ya mwisho inayodhani inatumika. Kama una wachumaji 64 lakini imekupeleka mstari wa 900,000, basi rangi au mipaka imepakwa hadi chini kabisa. Chagua mistari yote iliyo chini ya jina la mwisho, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Delete, kisha uhifadhi. Usitumie kitufe cha Delete cha kibodi, hicho hufuta maandishi tu na kuacha rangi.

*Fomula zinazosoma safu nzima.* Fomula inayosema B:B inaiambia Excel iangalie mistari 1,048,576, ambayo ndiyo mistari yote ya laha moja. Ukiwa na fomula kama hizo mia kadhaa kwenye laptopu ya zamani, lazima ichoke. Andika eneo unalohitaji tu, mfano B2:B65.

*Fomula zinazojirudia kila mara.* TODAY, NOW, OFFSET na INDIRECT hupigwa upya kila unapogusa seli yoyote. Kama unahitaji tarehe ya malipo, iandike kwa mkono. Ukiwa bado unarekebisha, nenda Formulas, Calculation Options, kisha Manual. Hapo Excel haitapiga hesabu mpaka ubonyeze F9. Ukimaliza, rudisha kwa Automatic, la sivyo utasoma jumla ya zamani ukidhani ni ya leo.

*Miezi yote ndani ya faili moja.* Wengi huanza Januari na kuongeza laha mpya kila mwezi, rangi juu ya rangi, hadi faili la wachumaji wachache linachukua dakika mbili kufunguka. Weka faili moja kwa kila mwezi, na faili moja dogo la jumla za mwaka. Bonasi ikifika utaangalia hilo dogo.

*Faili ni la aina ya zamani.* Likiishia na .xls badala ya .xlsx, mwisho wake ni mistari 65,536. Usidhani ni shida ya watu wadogo peke yao. Mwaka 2020 kule Uingereza, idara ya afya ya umma iliacha nje wagonjwa 15,841 wa Covid kwenye hesabu za kila siku, za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu matokeo yalikuwa yanapitishwa kwa mafaili ya .xls ambayo yalijaa. Yaliyozidi hayakuingia. Ukipakua taarifa ya mwaka mzima ya duka lenye wateja wengi, hifadhi kwa .xlsx tangu mwanzo.

5. Kama shida ni kompyuta au Excel yenyewe

Fuata mpangilio huu, na ujaribu faili baada ya kila hatua. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia.

- Zima programu za nyongeza. File, Options, Add-ins. Chini kabisa chagua COM Add-ins kisha Go. Ondoa alama zote, funga Excel, fungua tena. Ikitulia, rudisha moja moja mpaka umjue mkorofi.
- Badilisha printa. Hii huwashangaza watu. Excel huwasiliana na printa iliyowekwa kuwa ya kawaida hata kama huchapishi chochote. Kama ni printa ya zamani ambayo haipo tena, Excel inaweza kukwama ikiitafuta. Weka Microsoft Print to PDF kuwa ya kawaida, ujaribu.
- Funga vitu vingine. Kivinjari chenye kurasa ishirini hula kumbukumbu ya kompyuta kuliko Excel. Kwa laptopu yenye RAM ya GB 4, wakati wa malipo fungua Excel peke yake.
- Sasisha. File, Account, Update Options. Sasisha Windows pia. Fanya hivi katikati ya mwezi, si siku ya malipo.
- Rekebisha Office. Fungua Control Panel, nenda kwa orodha ya programu, chagua Microsoft Office au Microsoft 365, kisha Change. Anza na Quick Repair, haihitaji intaneti. Ikishindwa ndipo ujaribu Online Repair, lakini jipange kwa bando.

Na kama Excel yako ni ile iliyowekwa bila leseni, huenda ndiyo chanzo. Programu za kuvunja kufuli la Office mara nyingi huja na virusi, na kompyuta unayoshika hesabu za pesa si mahali pa kubahatisha. LibreOffice Calc ni ya bure, ni halali, na hufungua mafaili ya Excel. Inasaidia hata kuokoa faili: wakati mwingine faili ambalo Excel inalikataa hufunguka ndani ya LibreOffice, ukalihifadhi upya, na likarudi Excel bila shida.

6. Faili limefunguka, lakini je, nambari za simu ziko sawa?

Hii sehemu usiiruke. Faili linaloganda unaliona. Faili lililofunguka na nambari zilizoharibika halipigi kelele.

Ukifungua faili la .csv kwa kulibonyeza mara mbili, Excel huchukulia nambari ya simu kama tarakimu za hesabu. Nambari inayoanza na 07 au 01 inapoteza sifuri ya mbele. Ile ya tarakimu 12 inayoanza na 254 inaonekana kama 2.54712E+11. Ukihifadhi tena kama .csv ikiwa hivyo, kinachohifadhiwa ni kile unachokiona, na tarakimu za mwisho hazirudi. Wachumaji kumi wanaweza kuishia na nambari moja inayofanana. Faili kama hilo usilitumie kulipa.

Njia salama: fungua laha tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili lako, bonyeza Transform Data, na ubadilishe aina ya safu ya simu iwe Text. Ukiandika nambari mwenyewe, chagua safu hiyo kwanza na uiweke Text kabla ya kuandika.

Kisha zikague. Kama simu ziko safu ya B kuanzia mstari wa 2 hadi 65, andika kwenye safu tupu:

=LEN(B2)

Jibu liwe 12 kwa nambari zinazoanza na 254, au 10 kwa zinazoanza na 07 au 01. Ukipata 9, sifuri imepotea. Safu inayofuata andika:

=COUNTIF($B$2:$B$65,B2)

Jibu likiwa zaidi ya 1, nambari hiyo imeandikwa zaidi ya mara moja. Huenda ni sawa, kwa mfano mama na binti yake wanaotumia simu moja. Lakini uliza kwanza.

7. Kabla ya kulipa tena: hesabu tatu

Tuseme orodha yako ina wachumaji 64 na jumla ni Sh 231,480. Excel ilijifunga ukiwa katikati. Fanya hivi:

Hesabu ya kwanza: orodha. Je, faili ulilookoa bado lina watu 64 na Sh 231,480? Ndiyo maana tunakushauri uandike nambari hizi mbili kwa karatasi kabla ya kuanza kulipa. Kama sasa ni watu 61, kuna majina yamepotea kwenye ukarabati. Tumia toleo lingine.

Hesabu ya pili: zilizotoka. Pakua taarifa ya leo ya akaunti unayolipia. Chukua tu malipo yaliyokamilika. Muamala uliokataliwa au ambao bado unasubiri usiuhesabu kama umelipa, na pia usiurudie mpaka ujue umeishia wapi. Tuseme taarifa inaonyesha watu 41 na Sh 148,900, bila ada za kutuma.

Hesabu ya tatu: waliobaki. 64 toa 41 ni watu 23. Sh 231,480 toa Sh 148,900 ni Sh 82,580. Sasa weka alama ya "amelipwa" kwenye faili ukifuata taarifa, nambari ya simu kwa nambari ya simu, si jina kwa jina. Kina Chepkemoi na kina Kiprono ni wengi kwenye orodha moja. Ukimaliza, jumlisha ambao hawana alama. Ukipata watu 23 na Sh 82,580, endelea kulipa. Ukipata tofauti hata ya shilingi kumi, itafute kwanza.

Kama umegundua umetuma mara mbili au kwa nambari isiyo sahihi, omba kurudishiwa mara moja kupitia njia rasmi ya mtoa huduma wako. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyoweza kuwa imetolewa.

8. Msaada usiouhitaji

Ukitafuta "rekebisha faili la Excel" kwenye intaneti, utapata tovuti nyingi zinazokuambia upakie faili lako bure. Faili hilo lina majina, simu na mapato ya watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, hizo ni data za kibinafsi, na wewe uliyezikusanya una wajibu wa kuzilinda. Usiwapakie watu wako kwa tovuti usiyoijua.

Ukimpelekea fundi laptopu mjini, ondoa kwanza mafaili ya malipo na uyaweke kwenye flashi unayobaki nayo. Hakuna fundi, wala mtu anayejitambulisha kama wa huduma kwa wateja, anayehitaji PIN yako ili kurekebisha Excel. Akiuliza, mazungumzo yameisha.

Na mtu asiyejulikana akikutumia "taarifa" ya Excel inayokuomba ubonyeze Enable Content ili uione, ifute. Kitufe hicho kinaweza kuruhusu programu iliyofichwa ndani ya faili kufanya kazi kwa kompyuta yako.

9. Tabia za kukuepusha na haya mwezi ujao

- File, Options, Save: Excel huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Ifanye 2. Na bado bonyeza Ctrl na S baada ya kila watu watano.
- Usifanyie kazi faili likiwa ndani ya flashi. Linakilie kwa kompyuta, fanya kazi, kisha urudishe nakala. Flashi ikichomoka wakati wa kuhifadhi, faili linaweza kuharibika.
- Mvua ya alasiri ikianza na radi, stima inaweza kupotea bila kubisha hodi. Laptopu yenye betri nzima itakupa muda wa kuhifadhi. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS. Kama huna zote mbili, lipa asubuhi.
- Weka nakala mbili za kila mwezi: moja nje ya kompyuta, moja mtandaoni chini ya neno la siri.
- Chapisha orodha kabla ya kuanza, na uweke alama kwa kalamu unapolipa. Karatasi haigandi.

Zoezi la leo

Usisubiri mwisho wa mwezi. Chukua nakala ya faili lako la mwezi uliopita na ufanye mambo manne: bonyeza Ctrl na End uone inakupeleka wapi, kagua nambari za simu kwa LEN na COUNTIF, badilisha muda wa kuhifadhi uwe dakika 2, kisha pakua taarifa ya mwezi huo na uone kama idadi ya watu na jumla ya pesa inalingana na faili lako.

Yakilingana, uko tayari. Yasipolingana, umepata nafasi ya kujua leo, ukiwa umetulia, kabla mchumaji hajakuja kukuuliza kilo zake zilienda wapi.